Starlet EP82 ya mama mkubwa: kuijenga upya hapa Arusha bila kuiongezea uzito

Mwanzisha uzi, Arusha

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya jamvini kwa muda mrefu, na kwa kuwa maandiko ya wengine yameniokoa zaidi ya mara moja, naona si haki kuendelea kukaa na yangu. Nafungua uzi huu kueleza kazi ninayoifanya kwa takriban miaka mitatu sasa, jioni na Jumapili baada ya ibada, juu ya Toyota Starlet EP82 ya mwaka 1993, milango mitano, gia za mkono, injini ya 4E-FE ya lita 1.3. Gari lilikuwa la mama yangu mkubwa, muuguzi mstaafu wa Machame, aliyeliendesha kwenda na kurudi kazini miaka mingi kiasi kwamba watoto wa kijijini walilipa jina la Kibiriti. Watoto hao sasa wana ndevu, na bado wananiita kwa jina la gari nikipita.

Kwa wasiolifahamu toleo hili, EP82 ilitoka mwishoni mwa 1989, ikaendelea hadi 1995, ikafuatwa na EP91, na mwaka 1999 Vitz ikachukua nafasi ya ukoo wote wa Starlet. Nimelitaja hilo kwa sababu ya spea, kwani vipo vitu vya Vitz vinavyokubali kuingia humu bila ugomvi, na vipo vingine ambavyo fundi atakuapia kwamba vinaingia ilhali yeye ndiye atakayevilazimisha kwa nyundo.

Nilipokabidhiwa ufunguo nilikuwa na tamaa nyingi: rimu pana, muziki, bampa la chuma, kerea ya juu. Kabla sijanunua hata kimoja, rafiki yangu mwenye lori la mahindi alinichukua hadi mtaa wa Unga Limited hapa mjini, tukalipandisha gari kwenye mizani ya malori kwa mzaha tu. Likasoma kilo 780, likiwa na mafuta robo tangi. Nikaitazama ile namba, nikatazama Land Cruiser ya utalii iliyorefushwa iliyokuwa imeegeshwa ng'ambo, ambayo ina uzito wa takriban mara tatu ya huo, nikaelewa kwamba ukali wote wa Kibiriti kwenye mlima wa Machame unatokana na wepesi wake na si na injini. Tangu siku hiyo kila kitu kinachotaka kuingia kwenye gari hili naanza kukiuliza kilo zake, kisha bei yake.

Nilianza na breki, na sitakaa sana hapo: pedi mpya mbele, viatu vipya nyuma, mipira ya silinda za magurudumu, na mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi nikayamwaga yote, nikaweka ya DOT 4, tukatoa upepo magurudumu yote manne. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya vya kutosha huchemka mapema pale breki zinapopata moto. Anayeteremka kutoka Boma Ng'ombe kuelekea daraja la Kikafu nyuma ya semi-trela hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Mwanzisha uzi, bandiko la pili: springi

Binamu yangu alikaa na gari hili miaka miwili kabla yangu, na katika miaka hiyo alikata springi za mbele ili gari lilale chini. Alikata mzunguko mmoja kila upande kwa tindo na moto. Wengi hudhani kwamba springi iliyokatwa ni ileile ila fupi. Sivyo. Ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, kwa hiyo springi yenye mizunguko sita ikipunguzwa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, na hapohapo imenyang'anywa nafasi ya kubonyea. Kwa lugha ya barabara zetu, ni kwamba kila tuta kati ya Tengeru na Kikatiti lilikuwa likipigwa na vizuizi vya mpira vya shokapu badala ya springi, na shokapu zenyewe zilikuwa zimekwisha kutapika mafuta. Moto wa kukatia nao huharibu ugumu wa chuma pale ulipopita, ndiyo maana moja ya zile springi ilikuwa imekaa upande ndani ya kikombe chake.

Nilipata springi za asili kutoka kwenye EP82 iliyopata ajali upande wa kulia nyuma, Moshi, nikazifungia shokapu mpya, na kwa mbele nikaongeza vipande vya mpira vya milimita 20. Gari sasa limesimama juu kidogo kuliko lilivyotoka kiwandani.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu, hongera. Mimi nina EP82 pia, naishi Kibosho, na barabara ya kwetu wakati wa masika unaijua. Kwa nini umeishia milimita 20? Fundi wangu ameniwekea vipande vya sentimita tano na sasa navuka makorongo ambayo wenye Noah wanageuza.

Mwanzisha uzi

Mkuu, sikatai kwamba unavuka. Swali langu ni umebadilisha mpira wa sivi jointi (kile kiungo cha ekseli kinachoruhusu gurudumu kukata kona) mara ngapi. Ekseli za gari hili zilipangwa zikae karibu na usawa wa ardhi, na ukilipandisha kwa sentimita tano zinainama muda wote, hata unapokwenda moja kwa moja barabarani. Mpira unakunjwa mahali pamoja mpaka unapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya miezi michache unasikia ile kak-kak-kak ukikata kona. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zinabadilika pembe, kwa hiyo usipolipeleka gari kwenye alaimenti matairi ya mbele yataliwa upande mmoja. Kwa barabara yako pengine hasara hiyo ina faida yake. Kwangu mimi, ambaye nusu ya safari ni lami, milimita 20 zimetosha, na nyongeza iliyobaki nimeipata kwenye matairi.

Mwanzisha uzi, bandiko la tatu: matairi na rimu

Hapa ndipo nilipochelewa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo macho yanapogombana na hesabu. Gari langu lilikuja na 165/70R13. Tairi hilo lina kipenyo cha milimita 561. Nilichokuwa nakitamani ni rimu za inchi 15 zenye 185/55, kipenyo milimita 584, na nikakiri kwamba zinapendeza. Nilichoishia nacho ni rimu za chuma za Vitz za inchi 14 zenye 175/65, kipenyo milimita 583. Tazameni kwamba hizo mbili zinalingana urefu kwa tofauti isiyoonekana kwa macho, lakini ya inchi 15 ina ukuta wa mpira wa milimita 102 tu wakati ya inchi 14 ina milimita 114. Sentimita moja na kitu hiyo ndiyo inayokaa kati ya rimu yako na jiwe la Ngaramtoni.

Rimu za Vitz zinaingia kwenye EP82 kwa sababu zote zina tundu nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Namba hiyo ya pili husahaulika sana. Rimu nyingi za Honda nazo ni nne kwa 100, lakini tundu la katikati ni 56.1, kwa hiyo rimu inaning'inia kwenye nati badala ya kukaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na usukani unaanza kutetemeka ukifika kilomita 80. Watu hupeleka gari kubalansi mara tatu na kulaumu mashine. Pete ya plastiki ya kuziba nafasi hiyo huondoa tatizo.

Mabadiliko haya yana gharama, sitaki mtu aseme sikumwambia. Tairi limekuwa kubwa kwa karibu asilimia nne, kwa hiyo mshale wa spidi unasema uongo: ukionyesha 50, gari linakwenda 52. Si nyingi, lakini tochi ya trafiki pale Maji ya Chai haisomi mshale wako. Gia nazo zimekuwa ndefu kwa asilimia hiyohiyo, na kuna kona mbili za kupanda Machame ambazo zamani nilizimaliza kwa gia ya tatu na sasa narudi ya pili. Gari lilipanda milimita 11 kutokana na matairi peke yake. Nimeona biashara hiyo ni halali.

Jambo dogo kwa wanaonunua matairi ya mtumba: tafuteni tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi lenye kashata (mikato ya juu ya mpira) nzuri linaweza kuwa na umri wa kumaliza shule ya msingi.

Mwanzisha uzi, bandiko la nne: maji ya injini

Kuna aliyeniandikia pembeni akilalamika kwamba Starlet yake inakunywa mafuta. Yangu pia ilikuwa inakunywa. Nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita, wakati mama mkubwa, ambaye ana daftari la kila lita aliyowahi kuweka, alikuwa anapata 15. Nilibadilisha plagi, waya, na chujio la hewa, sikuona tofauti. Kilichonifungua macho ni asubuhi ya mwezi Julai, kwenye baridi ya Sakina, nilipotambua kwamba nimefika Mnara wa Saa na mshale wa joto haujanyanyuka.

Nilifungua nyumba ya themostati nikaikuta tupu. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeitoa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto na kifaa kile ni cha Ulaya. Hoja hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na haina msingi. Themostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike kiasi cha nyuzi 82, kisha hufunguka. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake na kuibakisha hapo. Ikiondolewa, sensa ya joto inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado ni ya baridi, na kompyuta, kwa utii wake, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba ndiyo kwanza umewasha. Nilirudisha themostati, na mwezi uliofuata nikapata kilomita 14 na nusu kwa lita.

Siku chache baadaye maji yakaanza kurukia kwenye chupa ya akiba. Fundi wa jirani alicheka na kusema unaona sasa. Ila kosa halikuwa la themostati, lilikuwa la kifuniko cha rejeta, ambacho springi yake ilikuwa imelegea. Watu wa Arusha tunapaswa kulijali hili kuliko watu wa Tanga. Mji wetu uko kwenye mita 1,400 hivi, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95. Kifuniko kizima cha shinikizo la 0.9 bar huyabana yasichemke mpaka karibu nyuzi 115, na ukichanganya kulanti nusu kwa nusu na maji safi unapata akiba zaidi, pamoja na kinga ya kutu. Kifuniko kibovu kinakurudisha kwenye 95, na injini yako inafanya kazi si mbali na hapo. Kifuniko kipya kilimaliza kesi yote.

Mchangiaji, Njiro

Mkuu, uzi mzuri, lakini nasoma mabandiko manne na sijaona nguvu hata moja iliyoongezeka. Injini ya 4E-FTE yenye turbo ilitolewa kwenye EP82 hiyohiyo, aina ya GT, nguvu za farasi 135. Zipo za mtumba. Na kwa kuwa umetaja mwinuko wa Arusha, hiyo ndiyo hoja yenyewe: injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake hapa kwa uchache wa hewa, wakati turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ya hewa ni sahihi, na nakiri kwamba niliwahi kufika dukani nikaishika ile injini kwa mkono. Kilichonirudisha nyumbani ni kwamba Toyota hawakuweka turbo peke yake kwenye GT. Waliweka na breki kubwa zaidi, giaboksi imara zaidi, na mpangilio wa springi na shokapu wa kuhimili kasi. Anayenunua injini bila hayo mengine ameongeza mwendo kwenye gari lenye breki za muuguzi. Ukiyanunua yote, pamoja na intakula (kipoza hewa cha turbo), mabomba na rejeta kubwa, umeshaweka kilo nyingi mbele ya ekseli ya mbele, na usukani ule mwepesi ambao ndio unaonifanya nilipende gari hili umeondoka. Zaidi ya hapo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo una safari ya TRA na pengine mazungumzo marefu na kampuni yako ya bima. Wewe ukiifanya kazi hiyo kikamilifu nitakuja Njiro kuitazama kwa furaha. Kibiriti kitabaki na mapafu yake.

Mwanzisha uzi, bandiko la tano: taa

Bandiko hili ni fupi. Taa za mbele zilikuwa za njano hafifu kama koroboi, na ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa ninunue balbu za LED. Badala yake nilipima volti. Betri ikiwa na 13.8 injini inapounguruma, kwenye soketi ya balbu nilikuta 11.2. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zinapotelea kwenye waya za miaka thelathini na swichi ya usukani, ambayo ndiyo inayobeba umeme wa taa. Balbu ya halojeni hupoteza mwanga haraka kuliko inavyopoteza volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban 30. Nilifunga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), fyuzi moja karibu kabisa na betri, na waya nene kwenda kwenye balbu zilezile za wati 60/55, na volti zikapanda hadi 13.4. Gharama haikufika shilingi 50,000, na madereva wanaokuja mbele yangu hawanipigii taa za kunilaani.

Mwanzisha uzi, bandiko la sita: bodi na rangi

Mafundi wa bodi wa Arusha wana sifa yao. Mji huu umelelewa na magari ya utalii, na fundi wa Unga Limited anaweza kukata Land Cruiser katikati, kuirefusha, kuitoboa paa linyanyuke, na abiria asijue kiungo kilipo. Tatizo langu lilikuwa kinyume cha hilo: mafundi hawa wamezoea chuma kizito. Niliyempata alipoona kutu chini ya milango alitaka kuweka bati la milimita mbili. Bati la Starlet halifiki hata milimita moja. Ukilichomelea la milimita mbili juu yake, joto linalohitajika kuliyeyusha lile nene linalikunja lile jembamba, na baadaye kutu huanzia hapohapo. Tulibishana kwa adabu siku nzima. Mwishowe alikubali kutumia bati lililokatwa kwenye mlango wa gari dogo lililokufa, akachomelea kwa vidoti vifupivifupi akiruka huku na huku ili chuma kipoe, na tangu hapo huwaonyesha wateja kazi ile kama yake peke yake. Nami simnyimi.

Chini ya rangi ya zamani tulikuta puti. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ilikuwa ikianguka kila ilipofika kwenye tako la nyuma kushoto, na tulipokwangua tukakuta mahali puti ina unene wa kidole. Niliikusanya yote kwenye ndoo nikaipima: kilo nne. Mama mkubwa alipoulizwa alikumbuka nguzo fulani ya kanisa.

Rangi nilikosea mara ya kwanza, na kosa ni langu. Nilikuwa na haraka, nikapiga rangi ya NC, ile inayokauka kwa tina kuvukizwa tu, mwezi Julai, kwenye siku zile za mawingu na manyunyu ambapo jua la Arusha huonekana saa nane mchana kwa dakika kumi. Tina ikikauka kwenye hewa ya unyevu hupoza bati, umande unajipenyeza kwenye rangi, na gari linatoka na ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilisubiri hadi Februari, nikapiga msasa upya, nikatumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, ndani ya banda lililomwagiwa maji sakafuni ili vumbi litulie. Rangi niliyochagua ni kijani cha jani la mgomba, kutoka kwenye nyeupe ya awali, kwa hiyo nilipeleka taarifa TRA ili kadi isomeke sawa na gari. Msiliache jambo hilo, kwa sababu askari akishika kadi inayosema nyeupe na kutazama gari la kijani, mazungumzo hayaanzi vizuri.

Ndani sikufanya mengi. Nilitoa sabufa ya binamu pamoja na sanduku lake la mbao, kilo 18, nikaacha spika za milangoni. Siti nilizivika kitambaa cha kawaida kilichoshonwa na fundi cherehani wa Kilombero, ambaye alikuwa hajawahi kushona siti na alizipima kama anampima bibi harusi.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu, nimebadilisha mpira wa sivi jointi mara tatu. Umeshinda. Lakini tuambie mizani inasemaje sasa.

Mwanzisha uzi

Nililirudisha Unga Limited wiki iliyopita, likiwa na mafuta robo tangi kama mwanzo. Mizani imesoma 780 tena. Kabla hamjanipongeza, mizani ya malori huruka kwa kilo ishirini ishirini, kwa hiyo ninachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba sijaongeza cha kuonekana.

Jumamosi nilimpelekea mama mkubwa gari lake Machame. Alilizunguka mara mbili bila kusema neno, akasema kijani kinamkumbusha shamba na hiyo ni sifa, kisha akaketi kiti cha abiria na kugusa kile kisanduku cha dashibodi, ambacho mlango wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu alichokifunga yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita. Nilimweleza kwamba hicho nilikiacha makusudi, kama kumbukumbu yake. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeacha kumeza dawa, akasema alikifunga kwa mpira kwa sababu alikosa kitasa, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akisubiri apatikane mtu wa kukitafuta.

Kwa hiyo wakuu, mwenye kitasa cha kisanduku cha dashibodi cha EP82, rangi ya kijivu, kikiwa na ulimi wake mzima, anijulishe hapahapa. Moshi nitakuja mwenyewe.